Vifuniko vya Wambui

Nianze na upumbavu wangu, ili atakayecheka acheke mapema kisha tuendelee. Siku ya kwanza niliyoachiwa mtoto peke yangu kwenye mashindano ya kuteleza kwenye barafu, nilimwingiza uwanjani akiwa bado amevaa vifuniko vya plastiki kwenye vyuma vya viatu vyake. Majaji wamekaa, jina limetangazwa, wazazi wametulia. Mtoto akaweka mguu wa kulia, akaweka wa kushoto, akakaa chini. Akainuka, akakaa tena. Mimi langoni nikapiga makofi ya kumtia moyo, nikidhani ni woga.

Vijana wa jumuiya yetu mnaofundisha watoto wa wenzetu hapa, wengine mpira, wengine kuogelea, wengine kwaya, mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kwa sababu nimestaafu na mnadhani nina nafasi. Nafasi ninayo. Nina kiti pia, na blanketi la miguuni, na sina mpango wa kutoka hapa kabla maua hayajachipua. Vyeo na mishahara nitavipita, maana havikujaza hata ukurasa mmoja. Nitasema niliyoyaona langoni.

Nimezaliwa Njombe, kwa hiyo msinisimulie baridi. Asubuhi za Julai nyasi za kwetu zilikuwa zinaganda, tunazivunja kwa miguu tukienda shule. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi za hapa na pale, kisha dada yangu aliyekuwa ubalozini Washington akaniita nije nimsaidie kulea mwanawe. Mtoto akakua, dada akarudishwa nyumbani, mimi nikabaki. Sikubaki kwa ushujaa. Nilibaki kwa sababu kufungasha mizigo kunanichosha. Nikapanga chumba na sebule Riverdale Park, nje kidogo ya Washington, karibu na ile barabara kuu namba moja, na hapo ndipo nilipo mpaka leo.

Mlango unaotazamana na wangu ulikuwa, na bado ni, wa Mama Zawadi, mwanamke wa Bukavu asiyejua kuzungusha maneno. Nilipopata kazi kwenye uwanja wa barafu wa kaunti, alinikuta kwenye ngazi kabla jua halijatoka, nimevaa sweta mbili, na chupa ya chai kwapani.

"Weye Mama Njombe, unaenda fasi gani na hii baridi?"

"Kazini. Kwenye barafu."

"Inje kuko barafu. Unaenda kutafuta ingine ya nini?"

Nikashuka ngazi. Kwa miaka mingi aliendelea kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, na kila nikimweleza aliguna tu.

Mwanzoni nilikuwa wa dirishani. Mtu anakuja na viatu vyake vya kawaida, mimi nampa viatu vya kuazima vyenye vyuma, akirudisha nanyunyizia dawa ndani. Kazi hiyo ilinifundisha kutambua watu kwa soksi. Baadaye wakanifundisha kunoa vyuma. Naomba mjue kitu kimoja, kwa sababu hata wazazi wa miaka mingi hawakukijua: kile chuma hakina kali moja kama kisu cha jikoni. Kina makali mawili, la ndani na la nje, na katikati pana mfereji mwembamba. Mtoto anayeteleza vizuri anakuwa juu ya kali moja wakati wote. Anayesimama juu ya yote mawili haendi popote, anashangaa tu. Nilinoa mamia ya jozi kabla sijawahi kusimama juu ya hata moja.

Aliyenisimamisha alikuwa Bi Dorothy. Alikuwa kocha mkuu wa watoto, mama mtu mzima mweusi, mzaliwa wa Shaw, mtaa wa Washington, bado akiishi kwenye nyumba ya mama yake kule, na kila siku akija kwa treni na basi na begi zito ambalo hakumpa mtu yeyote alibebe. Aliniambia mara moja tu, akiwa ameinama anafunga kamba za mtoto, kwamba alipokuwa msichana uwanja wa kwanza aliokwenda walimrudisha mlangoni kwa rangi yake, akajifunzia kwenye bwawa lililoganda. Alimaliza fundo, akakipiga kiatu cha mtoto kofi dogo, akasema, "Nenda." Hakuirudia habari hiyo, nami sikuuliza.

Siku alipoamua nijifunze, alinikuta nimekumbatia ukuta wa uwanja.

"Huo ukuta haujaanguka tangu tulipofungua," akasema. "Unaweza kuuachia."

"Nikiuachia nitaanguka mimi."

"Ndiyo. Ndilo somo la kwanza."

Nilianguka mwaka mzima. Lakini nina mwili uliojaaliwa mito pande zote, na asubuhi uwanja ukiwa mtupu hakuna anayekuona isipokuwa dereva wa lile gari la kulainisha barafu, ambaye alikuwa mtu wa kutunza siri. Mwaka wa pili nikaanza kumsaidia Bi Dorothy na watoto wanaoanza. Kuanguka, kuinuka, kuteleza kwa mguu mmoja, kusimama. Nilikuwa mwalimu mzuri wa kuanguka.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, watoto wetu walianza kupelekwa kwenye mashindano madogo ya viwanja vya jirani, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kazi nzima inayofanyika kwenye lango la futi tatu. Begi la Bi Dorothy lilikuwa na bisibisi ya kukazia skrubu za vyuma, kamba za akiba, rangi ya kucha isiyo na rangi ya kuzuia soksi ndefu zisichanike zaidi, pini za nywele, taulo dogo, karatasi laini za pua, na kaseti mbili za muziki wa kila mtoto, zote zimerudishwa mwanzo. Narudia: zote zimerudishwa mwanzo. Kaseti moja unaipeleka kwa mtu wa muziki, ya pili unabaki nayo, kwa sababu mashine za viwanja zilikuwa zinakula kaseti kama mbuzi.

Na kulikuwa na sheria ya vifuniko. Mtoto akiwa nje ya barafu anavaa vifuniko vya plastiki ili makali yasiharibiwe na sakafu. Anapoitwa, anashika ukingo, anavivua, anampa kocha, ndipo anaingia. Bi Dorothy alikuwa na namna yake ya kuisema sheria hiyo: "Mtoto akiwa barafuni, mikono yako miwili imejaa. Ukiona mkono mtupu, umesahau kitu." Niliiandika kwenye daftari. Nikaipigia na mstari.

Sasa turudi kwa Wambui.

Wambui alikuwa na miaka kumi, mtoto wa nesi kutoka Nyeri. Alielewa Kiswahili chote, hata cha kumsema, lakini alijibu kwa Kiingereza kama watoto wengi wa hapa, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa lugha yetu. Alikuwa mwembamba, mbishi, na alikuwa na makali. Namaanisha alijua kukaa juu ya kali moja la chuma, akachora duara na kurudi palepale alipoanzia, jambo ambalo wengi hufundishwa miaka. Mama yake alifanya kazi zamu nzito, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake pekee ya kulala. Aliitoa hiyo siku. Alimleta mtoto alfajiri, akakaa kwenye viti vya mabati na koti lake la kazini, macho mekundu, akimtazama anavyozunguka.

Siku ya mashindano yale ya kwanza Bi Dorothy alikuwa na mtoto mwingine kwenye uwanja wa pili, saa ileile. Akanikabidhi begi. "Mikono miwili," akasema, akaenda.

Na mikono yangu miwili ilikuwa imejaa kweli. Wa kulia chupa yangu ya chai ya maziwa, maana mimi siendi popote bila kitu cha nyumbani. Wa kushoto boksi la karatasi za pua. Jina likaitwa, Wambui akanitazama, mimi nikaona mikono imejaa, roho ikatulia, nikamwambia nenda mwanangu.

Mengine nimeshayasema. Alipoanguka mara ya tatu, jaji mmoja akasimama na kunyoosha kidole kwenye miguu yake. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kile kicheko kinachomtoka mtu kabla hajakizuia. Wambui akaangalia viatu vyake. Kisha akaniangalia mimi. Akatambaa mpaka langoni kwa magoti, na ingawa walimpa ruhusa aanze upya, hakurudi. Mkono aliouangukia ulikuwa umevimba kidogo tu. Mama yake alishuka kutoka vitini, akamfunga koti, wakaondoka. Nikabaki nimeshika chai.

Kuanzia hapo Wambui alikuja Jumamosi alfajiri uwanja ukiwa mtupu, akateleza vizuri kuliko mwanzo. Watu watatu wakiingia kukaa vitini, alitoka. Alikagua vifuniko mara mbili, mara tatu. Nilimwambia pole, akasema sawa. Mnaijua ile sawa ya mtoto ambayo ni mlango unafungwa.

Majuma yakapita hivyo, mpaka mama yake aliponiita pembeni.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe. Kila mtu hukosea, hata sisi hospitali tunakosea na tunaandika ripoti. Lakini huyu mtoto ananiambia ati anapenda, halafu watu wakikuja anatoroka. Sasa mimi naamka ya nini? Kuna mashindano ingine mwezi wa nne. Akiingia, tunaendelea. Akikataa, hivyo viatu nampatia binamu yake na tunamaliza hii mambo. Sitamlazimisha. Pia sitaamka."

Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Nilirudi nyumbani nikijua wazi kwamba mtoto mwenye makali mazuri kuliko wote niliowahi kuwaona angeyaacha kwa sababu mimi nilikuwa na kiu.

Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha kwa kirefu. Anampa pipi, au anamsifia mbele ya wageni, yanaisha. Nilifikiria pipi. Kisha nikapika maandazi, nikaenda kwao Jumapili mchana, nikaketi kwenye kochi lao lenye vitambaa, na Wambui akaitwa asimame mbele yangu kama mshtakiwa, wakati mshtakiwa nilikuwa mimi.

"Wambui," nikasema, "kazi yangu ilikuwa moja. Kushika vifuniko vyako. Sikuifanya. Hukuanguka wewe, nilikuangusha mimi."

Akakunja mikono kifuani.

"Hujui inavyokuwa," akasema. "Wewe unasimama langoni tu. Hujawahi kusimama pale katikati peke yako."

"We Wambui!" mama akafoka. "Unaongea na nani hivyo?"

"Mwache, mama. Amesema kweli."

"Basi uende wewe kwanza," Wambui akasema. "Uende, nikuone. Halafu nitaenda."

Kisha Mama Wambui akaweka kikombe chini na kucheka mpaka akashika mbavu. "Haki ya nani! Mwalimu, leo umepatikana!"

Nilicheka pia, nikitegemea litapita. Jumatatu nikamweleza Bi Dorothy kama kichekesho. Hakucheka. Alifungua droo, akatoa fomu. "Kwenye mashindano yaleyale kuna kundi la watu wazima wanaoanza," akasema. "Dakika moja na nusu. Andika jina."

"Bi Dorothy, mimi ni mtu wa kukaa nyumbani."

"Najua. Ndiyo maana ni dakika moja na nusu tu."

Mazoezi yangu yalisimamiwa na Wambui. Sijawahi kuwa na kocha mkali kama yule. "Inua kidevu." "Mikono si ya kufukuza nzi." "Unatabasamu kama unaumwa jino." Nilijishonea sketi nyeusi ya kufika magotini juu ya suruali ya kubana, vazi ambalo unaweza kutoka nalo uwanjani ukaenda moja kwa moja kanisani. Muziki nilichagua wa piano, polepole, ili nisije nikaachwa nyuma na wimbo wangu mwenyewe. Na nilipojifunza kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma kwa mguu mmoja, Wambui aliruka kwa furaha, akasahau kwamba vitini kulikuwa na watu. Nilimwona akikumbuka. Hakutoka. Nikajifanya sijaona, na huo ndio ushauri wangu mkubwa kwenu: mtoto akipona, msimpigie tarumbeta.

Mwezi wa nne ukafika. Mama Wambui alikuwa vitini, koti la kazini vilevile. Kundi la watu wazima liliitwa kabla ya watoto, na kwenye orodha ya kundi hilo lilikuwepo jina moja. Nilitafuta la pili mbele na nyuma ya karatasi. Hapakuwa na mwingine.

"Basi umeshashinda," Bi Dorothy akaninong'oneza.

Nilifika langoni. Nilitaka kwenda, kwa kweli nilikuwa nimeshainua mguu, niyamalize. Mbele yangu Wambui alikuwa amenyoosha mikono miwili, viganja juu. Nikaangalia viganja vile. Nikaangalia viatu vyangu. Vifuniko vilikuwepo vyote viwili.

Nikavivua nikampa.

Nilisimama katikati ya uwanja ule kwa muda ambao mtu wa muziki alichukua kubonyeza kitufe, na nawaambieni, katika miaka yote ya kuwaambia watoto "tulia, subiri muziki," nilikuwa sijui ninachosema. Ni pakubwa pale. Unasikia mitambo ya baridi chini ya miguu. Unasikia mtu akikohoa na unajua anakukohoa wewe. Muziki ukaanza. Nikaenda upande mmoja, nikarudi, nikateleza kwa mguu mmoja kama nilivyofundishwa. Kwenye kugeuka nikaanguka vizuri sana, kwa uzito wangu wote, mbele ya majaji, na sketi ya kanisani ikanifunika kichwa. Kicheko kikatoka. Kilekile. Nikaitoa sketi usoni, nikainuka, wimbo ulikuwa umenisubiri. Nilipofika langoni Wambui alikuwa analia kwa kucheka, kifua kimeegemea ukingo, na mikono yote miwili imejaa, hajaviachia.

"Umeinua kidevu," akasema alipopata pumzi. "Hata ulipokuwa chini."

Saa moja baadaye lilikuja kundi lake, wasichana wanane, yeye wa sita kuingia. Chai niliiacha kwenye gari la Mama Wambui. Boksi la karatasi alishika Bi Dorothy. Jina likaitwa. Wambui akashika ukingo, akavua cha kulia, akavua cha kushoto, akaviweka mikononi mwangu kimoja kimoja, kisha akavikunja vidole vyangu juu yake kama anayempa bibi kizee kitu asikipoteze. Akaingia.

Alisimama katikati. Ule muda wa kabla ya muziki ukawa mrefu. Niliona bega lake moja likipanda, ile dalili ya mtoto anayetaka kukimbia, akageuza macho langoni. Sikupunga mkono wala sikutabasamu. Niliinua mikono miwili juu, aone nilichoshika. Bega likashuka.

Aliruka mruko wake wa kwanza akayumba. Wa pili ukatua. Yale maduara yake akayachora, na kila moja lilifungwa lilipofunguliwa. Alikuwa wa tano kati ya wanane, maana majaji hawagawi nafasi kwa historia ya mtu. Mama yake alikuwa amesimama juu ya kiti cha bati bila viatu, hajui kwamba amesimama.

Jumamosi iliyofuata, alfajiri, gari lao liliingia maegesho ya uwanja kama kawaida.

Wambui hakuwa bingwa wa nchi. Aliteleza mpaka alipomaliza sekondari, na sasa ni mfamasia, mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna kilichosahauliwa, na sidai sifa yoyote kwa hilo. Miguu yake ilipokua na viatu vikabadilishwa, aliniletea vile vifuniko vidogo vya bluu. Baada yake nilisimama langoni kwa watoto wengi, na Bi Dorothy alipostaafu na kunipa begi, bado sikuwa nikienda kwenye mashindano bila kuvitia mfukoni. Sijawahi tena kujaza mikono kwa kitu kingine.

Nilipostaafu mwezi uliopita, vitu vyangu vyote vilitosha kwenye boksi moja. Vifuniko nikavitundika kwenye msumari karibu na mlango, na chini yake ile medali yangu ya kundi la mtu mmoja. Mama Zawadi akaja kunipa pole ya kustaafu na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, akaviona, akauliza ni nini. Nikamwekea kiti, nikamweleza yote, tangu siku ya chai mpaka siku ya mikono juu. Ilinichukua saa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuguna hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akainuka, akakigusa kifuniko kimoja kwa kidole, kikabembea, akasema:

"Kumbe hii myaka yote kazi yako ilikuwa ya kushika bifuniko tu, na siku ya kwanza hata hiyo ikakushinda."